Wajina wa Manowari

Nikisema ninatoka Bulyanhulu, jibu huwa moja: "Ahaa, mgodini." Wanaonijibu hivyo hawana ubaya. Kwao Bulyanhulu ni shimo refu lenye dhahabu, uzio na malori. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu mpunga wetu, au kama mvua za mwaka huu zimekuja kwa wakati. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu hawajui jiografia. Baadaye nilielewa kwamba jina letu limeazimwa, na aliyeliazima analitumia sana kuliko sisi.

Jambo hili lilikuwa limelala kichwani mwangu kwa miaka, hadi nilipokwenda Mombasa kwenye harusi ya rafiki. Asubuhi moja, wenyeji wangu wakiwa bado wamelala kwa uchovu wa ngoma, nilitembea hadi Fort Jesus. Nje ya ngome kuna mzinga mrefu wa chuma. Nilisoma jina la meli ulikotoka: Königsberg. Nikalirudia kwa sauti. Mara ya mwisho nilikuwa nimelisikia chuoni, kwenye darasa la falsafa, mwalimu alipotueleza kwamba Immanuel Kant alizaliwa mwaka 1724 katika mji wa bandari ulioitwa Königsberg, pembezoni mwa Bahari ya Baltiki, akafundisha huko, akafa huko mwaka 1804. Aliwahi kuandika kwamba mji kama ule, wenye mto na biashara na wageni wa lugha nyingi, unamwezesha mtu kuujua ulimwengu bila kusafiri. Nami nilikuwa nimesimama Mombasa, mkono wangu ukiwa juu ya chuma chenye jina la mji wake, nikijiuliza nani alilisafirisha jina hilo hadi hapa.

Habari yenyewe inajulikana, ingawa shuleni tuliipita kwa mistari miwili. Königsberg ilikuwa manowari ya Kijerumani iliyojengwa Kiel, bandari nyingine ya Baltiki. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na watu wa pwani, ambao hawakuwa na sababu ya kujua habari za mji wa mbali, wakaihesabu mabomba ya moshi na kuiita manowari ya bomba tatu. Vita ilipoanza Agosti ilikuwa tayari baharini. Tarehe 6 Agosti, katika bahari ya Oman, ilikamata meli ya shehena ya Kiingereza iliyobeba chai. Meli hiyo nayo ilikuwa na jina la mji: City of Winchester. Kampuni yake ilikuwa na desturi ya kuzipa meli zake majina ya miji, kama mtu anayewapa ng'ombe wake majina ya wakwe. Wajerumani wakachukua makaa ya mawe yake kisha wakaizamisha. Mji mmoja umeuzamisha mwingine, ungeweza kusema, na wakazi wa miji yote miwili siku hiyo walikuwa wakinunua mkate.

Septemba 20 manowari ile ilivamia bandari ya Zanzibar na kuipiga Pegasus, meli ya Waingereza iliyokuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa. Kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, kati ya mikoko. Injini ilikuwa imeharibika, na vipuri vyake vilihitaji karakana ya Dar es Salaam. Barabara ya maana haikuwepo. Vipuri vikavutwa na watu, kwa kamba, zaidi ya kilomita mia, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi. Haikusaidia. Tarehe 11 Julai 1915 meli ndogo mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliipiga mpaka nahodha wake akaamua kuizamisha mwenyewe. Hapo ndipo kazi kubwa zaidi ya kuvuta ilipoanza. Mizinga 10 ilitolewa kwenye maji na matope, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, ikasambazwa kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja ulifika Ziwa Tanganyika na kufungwa juu ya Graf von Götzen, ile ile ambayo leo tunaiita Liemba. Mizinga mitatu ipo hadi leo: Mombasa, Pretoria na Jinja.

Majina ya maofisa wa meli hiyo yameandikwa vitabuni. Jina la nahodha, Max Looff, unalipata kwa dakika moja. Sijawahi kuona jina la hata mmoja kati ya waliovuta kamba.

Kant anajulikana kwa wazo moja kuliko mengine yote, alilolitoa mwaka 1785: kwamba usimtumie binadamu, awe wewe mwenyewe au mwenzako, kama chombo tu, kila mara mwone pia kuwa ni mwenye lengo lake. Kiswahili kinalipa wazo hili nguvu ambayo sidhani Kijerumani kinayo, kwa sababu kwetu chombo ni kifaa, na chombo ni meli. Mji uliomlea mtu aliyekataza kumfanya mtu chombo ulifanywa jina la chombo, na chombo hicho kilipokwama, watu wakafanywa vyombo vya kukikokota. Miaka 10 baada ya kitabu kile aliandika kingine, juu ya amani ya kudumu, na humo akawashutumu Wazungu kwamba wakizuru nchi za wengine wanahesabu kuwa wamezishinda, na wenyeji wanahesabiwa si kitu. Ni haki pia kukumbuka kwamba huyu huyu aliandika mambo ya hovyo kuhusu mbari za watu, akituweka chini. Sitaki kumsafisha. Ila sentensi nzuri haiwi mbaya kwa sababu aliyeitamka alishindwa kuifuata, na mimi nimeikuta, nitaitumia.

Sasa swali lililonisumbua pale ngomeni ni hili: je, mji unawajibika kwa kilichofanywa na kitu chenye jina lake? Na kile kitu, kinadaiwa nini na mji?

Niliporudi nyumbani nilimweleza bibi. Bibi yangu ana miaka mingi na subira kidogo. Kwetu Usukumani jina halitoki hewani. Mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija, aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula. Mimi ni Shija, kwa hiyo kila anayesikia jina langu anajua kwamba wapo wawili walionitangulia tumboni, na kwamba nina heshima ya kuwapa. Sikuulizwa. Wala sioni kama nilionewa. Na kama umepewa jina la mzee, mzee huyo ni wajina wako. Akija lazima umpokee, akifa kuna mahali pako pa kukaa. Bibi alisikiliza habari ya meli, halafu akauliza, "Ng'wanawane, huo mji uliiletea meli nini ilipozaliwa?" Sikuwa na jibu. "Na meli ilipozama, nani alikwenda kuhani?"

Alikuwa anacheka, lakini nililichukua kwa uzito. Kwake ujina ni uhusiano wa pande mbili au si kitu. Meli ya Königsberg haikuwa na uhusiano huo na mji wake. Ilizama, na jina likapewa meli nyingine, iliyoingia kazini mwaka 1916. Hiyo nayo ilipoondoka, ikaja ya tatu, ambayo ndege za Waingereza ziliizamisha Bergen Aprili 1940. Jina lilirithishwa kama joho la mfalme, na kila aliyelivaa alikwenda nalo vitani.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, ananiona napoteza muda. Anasema jina ni alama tu. Wajibu unatokana na tendo au mkataba, na mji haukufanya tendo lolote. Ukianza kuwadai watu kwa sababu ya jina, anasema, utawafuata watu wa Bukoba kwa ajili ya MV Bukoba.

Mfano huo ulinigusa pabaya, maana ndiyo jambo lenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na hesabu haikukamilika kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Wengi wamezikwa Igoma. Tangu siku hiyo mtu wa Bukoba akitaja kwao mbele ya mtu wa rika la wazazi wangu, kuna ukimya mdogo unaopita. Mji haukuijaza meli kupita kiasi. Hata hivyo umebeba jina la msiba kwa miaka yote hiyo, na sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa watoto wake. Kama jina ni alama tu, ukimya ule unatoka wapi?

Kwa hiyo nakubaliana na rafiki yangu nusu. Lawama haipiti kwenye jina. Mkazi wa Königsberg wa mwaka 1914, muuza samaki pale bandarini, hana deni kwa mvuta kamba wa Rufiji kwa sababu tu neno moja limeandikwa kwenye meli. Nikikubali vinginevyo, itabidi nami nibebe kila kilichofanywa chini ya jina la kwetu, na yapo.

Mwaka ule ule wa MV Bukoba, kati ya Julai na Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni yenye leseni. Yalitolewa madai kwamba wapo waliofukiwa wakiwa hai ndani ya maduara. Serikali na kampuni zilikanusha, na kitengo cha malalamiko cha Benki ya Dunia kilipochunguza baadaye hakikuyathibitisha. Sikuwa nimezaliwa. Nilichokikuta ni namna wazee wanavyoshusha sauti mazungumzo yakifika hapo, na namna wasivyokubaliana. Mwaka 1999 Barrick ya Kanada iliinunua kampuni iliyomiliki mradi, na mwaka 2001 mgodi ukaanza uzalishaji. Tangu hapo kuna Bulyanhulu mbili. Moja inanukuliwa kwenye taarifa za wanahisa, kwa wakia. Nyingine ina visima.

Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakakwama bandari ya Dar es Salaam. Nchi nzima ikajifunza neno makinikia, na jina la kwetu likawa kila redio. Nakumbuka nilivyojisikia: fahari. Nilikuwa mwanafunzi, na wenzangu bwenini waliniambia, "Shija, kumbe mlikuwa mnaibiwa!" Mlikuwa. Nilipenda ule wingi. Oktoba 2019 yakafikiwa makubaliano, ikazaliwa kampuni ya pamoja iitwayo Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16. Twiga naye hakuulizwa.

Lakini fahari ile ilikuwa na tatizo ambalo nililiona baada ya Mombasa. Ikiwa nimekataa kubeba lawama kwa sababu ya jina, nimepata wapi haki ya kubeba fahari kwa sababu ya jina? Ndani ya yale makontena hapakuwa na jasho langu. Baba yangu hajawahi kushuka chini ya ardhi. Nilikuwa nachukua faida ya ujina na kuacha gharama zake, jambo ambalo bibi angelitambua mara moja: huyo ni wajina anayekuja siku ya sikukuu na kukosekana msibani.

Sheria yetu ina njia yake nyofu. Kampuni inalipa halmashauri ushuru wa huduma, sehemu ya mauzo. Msalala inalipwa kwa sababu shimo liko Msalala. Mgodi ungeitwa Furaha au Namba Saba, malipo yangekuwa yale yale. Hilo ni sawa. Deni linatokana na ardhi iliyochimbwa, maji yaliyotumika, watu waliohamishwa, barabara iliyovunjwa na malori. Jina halikuongeza hata shilingi.

Jina linafanya kazi gani basi? Nimeizungusha sana hii. Nadhani jina linaeleza mtu aende wapi kuuliza. Aliyeita meli yake Königsberg alitaka kitu kutoka kwa ule mji: umri wake, heshima yake, pengine hata wanafalsafa wake. Aliyeacha mgodi uitwe Bulyanhulu hakutaka heshima yetu, nakiri. Jina lilikuwa limelala pale chini kama mawe mengine, akaliokota. Ila kwa kuliokota, hawezi tena kujifanya amechimba mahali pasipo na watu. Neno lenyewe ni la Kisukuma. Kila likitamkwa Toronto linasema kulikuwa na wasemaji. Kant aliwalaumu wale waliowahesabu wenyeji si kitu. Ugumu wa kufanya hivyo unaongezeka kidogo unapolazimika kutumia neno la wenyeji kila siku kwenye barua zako. Kidogo tu. Sitaki kudai zaidi, kwa sababu tumeona watu wakitamka neno vizuri kabisa na bado wasituone.

Na kinyume chake kipo. Mahali panaweza kunyang'anywa jina, ndipo ujue lilikuwa na kazi. Aprili 1945 jeshi la Kisovieti liliuteka mji wa Königsberg. Wajerumani waliobaki walifukuzwa katika miaka iliyofuata. Julai 1946 mji ukaitwa Kaliningrad, kwa heshima ya Mikhail Kalinin, mwanasiasa aliyekuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Kaburi la Kant lilibaki pale pale, ubavuni mwa kanisa kuu. Mwaka 2018 Warusi walipigia kura majina ya viwanja vya ndege, na kwa muda Kant aliongoza kwa Kaliningrad. Ikazuka kampeni ya kumpinga, sanamu yake ikamwagiwa rangi, na kiwanja kikapewa jina la malikia Elizaveta. Hebu fikiria kutokupewa hata uwanja wa ndege katika mji ambamo ulizaliwa na ukazikwa.

Kwa hiyo ukitafuta Königsberg kwenye ramani ya leo hulioni. Limebaki kwenye vitabu, na kwenye mizinga mitatu, miwili kati yake Afrika Mashariki. Jina la mji wa Baltiki linatunzwa na majirani wa wale waliolivuta kwa kamba. Hili halikupangwa na mtu, na sijui kama ni haki au dhihaka. Najua tu kwamba watunzaji wana haki ya kuongeza maneno kwenye kibao.

Ningeanza na lile la pwani, manowari ya bomba tatu, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo meli ilipewa na watu walioiona. Kisha ningetaka kuandika waliovuta, na hapo ndipo ningekwama. Tunacho Kariakoo. Kila mtu aliyewahi kununua viatu Dar es Salaam amelitamka neno hilo, na wachache wanakumbuka kwamba ni Kiswahili cha Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita ile ile. Vifo vya wapagazi wa upande huo peke yake vinatajwa kuwa zaidi ya 95,000, kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Nao wakawa jina la soko. Meli ilichukua jina la mji. Hapa mtaa ulichukua jina la watu, lakini la wote kwa jumla, kama daraja la tatu la MV Bukoba. Jina la jumla ni bora kuliko ukimya. Si sawa na jina.

Nilimsomea bibi sehemu ya maandishi haya. Alipofika kwa wavuta kamba alinisimamisha akauliza kama hao walikuwa Wasukuma. Nikamwambia wengi wangekuwa watu wa Rufiji na pwani, Wandengereko, Wamatumbi, Wazaramo, ila Wasukuma na Wanyamwezi walijaa kwenye misafara na majeshi ya wakati ule, kwa hiyo huenda. Akanyamaza. Baadaye akasema kaka wa babu yake aliondoka na Wazungu wakati wa vita na hakurudi. Hajui alibeba nini. Jina lake alilijua, akalitaja, na sitaliandika hapa kwa sababu aliniambia kuna mjukuu wake amepewa mwezi uliopita, na mtoto hajatoka nje bado.

Juzi nilikuwa stendi ya Kahama nikirudi nyumbani. Mpigadebe alikuwa akiita abiria wa Kakola, "Mgodini, mgodini, mgodini, bado wawili!" Nikamwambia mimi nakwenda Bulyanhulu. Akanitazama kama mtu anayepoteza muda wake. "Ndiyo hiyo hiyo," akasema, akachukua begi langu.